Maji ya Kitabu cha Kisimani

Mjomba wangu ndiye mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Asubuhi ya Alhamisi alikuwa akinichapa bakora kwa sababu nimemwiga anavyopiga chafya katikati ya somo, na alasiri ya Alhamisi hiyohiyo huyo mlangoni kwa shangazi yangu, viatu mkononi, anabisha hodi kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba chumvi. Akishaketi ananigeukia mimi. "Mama, kile kijitabu chako cha nyota, leo utaniachia nikitazame?" Chuoni mimi ni punda, ukumbini kwa shangazi mimi ni mama. Sikuwahi kumsamehe, wala sikuwahi kumnyima.

Kijitabu hicho nilikipata hapahapa kijijini kwetu Kiegeani, kwa mwanamke muuza bizari aliyekuwa akichana majani yake kufungia wateja. Nilimpa kisutu changu kipya cha Idi, nikarudi nyumbani kichwa wazi kama mwendawazimu, na kitabu kisicho na mwanzo kwapani. Shangazi alifungua kinywa anigombe, akakiona, akakinusa. "Wamekila mpaka mlango wa tatu, wanaharamu hawa," akasema, akiwakusudia wadudu, kisha akakata kipande cha shuka nikifunge. Tangu siku hiyo nikawa mwenzao.

Tulikuwa wanne. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Ana minazi aliyoachiwa na mume wake Mmanga, na mdomo aliouchukua kwa mama yake. Mjomba, kaka wa mama, nimekwisha kumtaja. Bibi wa Kanga alikuwa kikongwe aliyekuja kila Alhamisi juu ya punda kutoka Kanga, kijijini kwake, safari ya kutwa, akalala kwetu mpaka Jumamosi. Na mimi, niliyefikia umri wa kuposwa na bado nasoma, kwa sababu kila mposaji aliyeleta maneno, shangazi alimuuliza kwanza nyumbani kwao kuna vitabu gani.

Msidhani tulikuwa tunasoma tu. Kusoma kulikuja mwisho. Kwanza kitabu kilitolewa kwenye kitambaa chake, kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akakinusa kama mwanamke anayenunua samaki na hamwamini muuzaji. Halafu kiliinuliwa kwenye mwanga wa dirisha ili tuyaone matundu ya wadudu. Halafu ugomvi: nani alikiandika. Mjomba alizijua hati za waandishi waliokufa kuliko anavyozijua sura za wanafunzi wake, na Bibi wa Kanga alimkatalia kila neno.

"Hii ni hati ya mtu wa Pate," mjomba anasema.

"Ni hati ya mtu mwenye njaa," Bibi anamjibu. "Tazama anavyoruka maneno. Alikuwa anawahi chakula."

Hakuwa na jino hata moja, na bado aling'ata. Wanawe hawakuwa watu wa vitabu. "Watoto wangu wanajua minazi na wanajua samaki, Mungu awabariki," alikuwa akisema. "Kitabu wanakijua kwa uzito." Ndiyo maana alipanda punda kutwa nzima. Huko Kanga hakuwa na mtu wa kugombana naye.

Alichokipenda kuliko vyote hakikuwa chake. Kilikuwa cha shangazi, nasi tulikiita Kitabu cha Kisimani, kwa sababu nyanya wa shangazi alikitoa huko Ras Kisimani, ule mji wa kale unaoliwa na bahari. Inasemekana aliacha masufuria akatoka na sanduku la vitabu. Kilikuwa kitabu cha dua: za msafiri, za mvua, za mgonjwa, za mzazi. Wino wake ni ule mweusi wa masizi, na vichwa vya maneno ni vyekundu. Kisiwa kizima kiliamini kina baraka. Watu walikuja kuomba kikawekwe chini ya mto wa mwanamke mwenye uchungu, na shangazi akawajibu kwamba mwanamke aletwe, kitabu hakitoki. Wakamwona ana roho mbaya. Nami nadhani walikuwa na haki, ila ni roho mbaya niliyoielewa.

"Ukifa niachie," Bibi wa Kanga alimwambia kila alipokifunga.

"Wewe ndiye wa kwanza, mzee mwenzangu. Tazama ulivyo."

"Basi nitakuja kukiiba kabla."

Bibi alikwisha kukihifadhi kichwani ukurasa kwa ukurasa. Lakini kukijua si kuwa nacho. Mtu asiyekusanya vitabu hawezi kulielewa jambo hilo, na sitajisumbua kumweleza.

Mwaka ule masika yalikuwa mabaya. Siku moja, wala si Alhamisi, Bibi wa Kanga alifika amelowa, na kifurushi kifuani. Alikifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na majalada mawili ya ngozi, mazima, mazuri, na katikati yake udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutokea chini ya sanduku, wakala kitabu chote, wakaacha nje.

"Nilikuwa nakiona kila siku," alisema. "Nilikuwa nakipangusa vumbi."

Sasa, vitabu vyetu vya kale vyote vina desturi moja: kwenye jani la kwanza huandikwa jina la mfalme wa wadudu, ili raia zake wakiliona waheshimu wapite. Nami sikuweza kujizuia. Nikasema, "Labda mchwa wa Kanga hawakupelekwa chuoni." Mjomba akatafuta bakora kwa macho. Bibi alicheka, akacheka sana, halafu kicheko kikageuka kilio katikati yake, bila hata kupumzika. Tangu hapo sijaupenda ule mzaha.

Ule udongo ulikuwa umekula majina ya Mungu, hivyo haukutupwa. Mjomba aliufunga kwenye bafta nyeupe, akauzika nyuma ya ukuta wa msikiti. Aliporudi na tope magotini ndipo aliposema kwamba Mhindi mmoja wa Chole anauza unga mweupe kwa wenye maghala ya mbata, wa kuulia panya. Hauna harufu. Mtu akiuchanganya na gundi ya kushonea vitabu, hakuna mdudu atakayethubutu.

"Sumu," shangazi alisema. "Kwenye dua."

"Pembeni. Kwenye mshono na kwenye kingo. Maandishi hatuyagusi."

Ndivyo wasomi wanavyozungumza. Shangazi alimtazama Bibi wa Kanga, na Bibi alikuwa bado ameshika yale majalada mawili, moja kila mkono. Shauri likawa limekwisha.

Shangazi alipika uwanga ukawa gundi, mjomba akatia ule unga, na Bibi wa Kanga, vidole vikiwa vimefungwa matambara, akapaka kwa unyoya wa kuku. Alipaka polepole, ukingo kwa ukingo, kama anampaka hina bibi harusi. Vitabu vyote vya ukumbini vilipakwa. Kile cha Kisimani kilipakwa, kikakauka, kikapakwa tena, na tena, kwa sababu ndicho tulichokipenda zaidi.

Tukakubaliana tusimwambie mtu. Watu wakisikia tumetia sumu kwenye dua watatuita wachawi, na tutawajibu nini? Kwa ndani tuliweka sheria zetu. Ukimaliza kusoma unanawa. Kitabu hakikaribii maji. Na hakuna kulamba kidole ili kufunua ukurasa, sheria iliyomtesa mjomba, maana amelamba kidole maisha yake yote. Kila mkono wake ulipopanda kinywani, Bibi alimpiga kwa upepeo.

"Lamba tu, mwalimu," alimwambia. "Lamba tugawane vitabu vyako."

Tulifurahi mno siku zile. Tulikuwa tukifungua kitabu, mende mkavu akaanguka, na watu wazima watatu wakashangilia kama wamefungua mfungo.

Masika yalipokatika, alikuja mjukuu wa kiume wa Bibi kutoka Kanga. Alisema bibi yake ana homa, hali chakula, na maneno yake mengine hayaeleweki. Lakini kuna neno moja linaeleweka. Anataka Kitabu cha Kisimani, akione.

Shangazi alikuwa kitandani, miguu imemvimba, hawezi kusimama. Aliniambia nilete sanduku. Alikitoa mwenyewe, akakifunga kwenye leso yake mpya, akanipa.

"Mpelekee mwenzangu," alisema. "Akikiona, atapata sababu ya kuinuka aje kukiiba." Nilipofika mlangoni akaniita. "Kisiguswe na maji. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usifanye mzaha nyumbani kwa watu."

"Hilo nimelisikia nusu."

Nilipanda punda nimefunikwa gubigubi kama mzigo wa mtama, mjomba akatembea mbele. Tulifika Kanga jua limeinama. Bibi alikuwa amelazwa chumba cha ndani, amekuwa mdogo kiasi kwamba kwanza nilidhani kitanda ni kitupu. Binti yake mkubwa, mwanamke mwenye mikono ya kazi na macho mekundu kwa kukosa usingizi, alinipokea kwa upole, akanipa maji ya kunawa na kunikalisha karibu na mama yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Alifumbua jicho moja. "Umekuja na yule mwalimu wako?"

"Yuko nje na wanaume."

"Amechoka kukupiga?"

"Amebadilisha mkono tu."

Nikamwekea kitabu kifuani. Hakukifungua. Alikishika kwa viganja vyote viwili, kama alivyoshika yale majalada, akaniambia nimsomee dua ya mgonjwa. Niliifungua, nikasoma. Macho yake yamefumbwa, na kila nilipokosea alinisahihisha. "Hapo mwandishi alidondosha wino," alisema mara moja. "Upande wa kushoto. Unaona?" Niliona. Kulikuwa na tone dogo kama mbegu ya ufuta. Nilipomaliza alikuwa amelala, nikakiacha wazi palepale, juu ya kigoda kando ya kichwa chake, ili akiamka akione.

Mlangoni mjomba alimwambia binti, "Mwanangu, kitabu hiki kisipate maji. Kabisa."

"Tumesikia, mwalimu."

Hakuongeza neno, nami sikuongeza.

Asubuhi wasichana wa nyumba ile walinichukua kisimani kuteka maji. Niliwaiga chafya ya mjomba mpaka mmoja akamwaga ndoo. Nilirudi nikiwa bado nacheka, na uani, juu ya jiwe palipopiga jua, nikaona ungo. Ndani ya ungo palikuwa na karatasi moja imeanikwa kama dagaa. Ilikuwa nyeupe, imejikunja pembezoni. Niliinama. Upande wa kushoto, pale ambapo wino ulikuwa mzito kuliko mahali pengine, palibaki kivuli kidogo cha tone.

Kombe si jambo geni kwetu. Maneno matukufu huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, yakaoshwa kwa marashi, mgonjwa akayanywa. Mimi mwenyewe nimenywa, kila mtoto wa kisiwa hiki amekunywa. Lakini ni sahani, na maneno ni mapya. Sijawahi kusikia mtu ameosha kitabu.

Binti alikuwa jikoni. Nilimuuliza ule ukurasa umefanya nini, swali la kijinga, kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Nimeutoa kwa adabu, usiogope," alisema. "Nimekata uzi, sikuchana. Mwalimu alisema kitabu kisipate maji, basi nikautoa ukurasa kwanza, kitabu chenyewe hakijaguswa hata na tone. Hapa hakuna ajuaye kuandika kombe. Nikasema, kwa nini tuandike maneno mapya na yale ya Kisimani yako ndani ya nyumba? Nikauchukua uleule uliomsomea jana."

"Amekunywa?"

Hapo wanawake wawili wa jirani waliokuwa wakimenya mihogo walinyanyua vichwa, maana habari yenyewe ndiyo ilikuwa inafika penye utamu.

"Amekunywa, lakini kwa vita," mmoja alisema. "Tulijua ni homa, kumbe kuna mgeni ndani. Bakuli lilipofika mdomoni tu, akakaza taya. Mtu ambaye jana hawezi kuinua kichwa."

"Akasema sumu," mwenzake akaongeza. "Sumu, sumu, anapiga bakuli kwa mkono. Jini akiyaona maneno ya Mungu anayaita sumu. Mimi niliwahi kumwona mmoja aliyesema ni moto."

"Nikamshika taya," binti alisema. Alisema kama mtu anayeeleza kazi ngumu aliyoimaliza vizuri. "Nilikuwa nalia, lakini nilimshika. Shemeji akamshika mikono. Limekwisha bakuli zima. Sasa ametulia."

Nilisema, "Ni sumu kweli."

Walinitazama.

"Kwenye kingo za kitabu. Ya panya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipaka. Alikuwa anawaambia kweli."

Mmoja wa wale jirani alisonya. "Mtoto huyu. Tumeambiwa habari zako kisimani. Mama wa watu yuko kitandani na wewe unaleta michezo." Binti hakunikasirikia hata kidogo. Alinishika bega, akaniambia nikae nipumzike, njia ilikuwa ndefu jana. Ule upole ulinitisha kuliko bakora zote.

Nilikimbia barazani bila kujifunika. Mjomba alikuwa na wanaume, kikombe cha kahawa mkononi. Nilimwambia sikioni. Sijui nilitumia maneno gani, ila aliweka kikombe chini, akaingia ndani bila hodi, jambo ambalo hajapata kulifanya katika nyumba ya mtu.

Bibi alikuwa amelala ubavu, magoti yamepanda tumboni, midomo ina rangi ya majivu. Jasho lilikuwa limelowesha mto. Mjomba aliwaambia wanawake wamtapishe, haraka, walete maziwa na mayai mabichi, walete chochote kilicho laini. Binti aliuliza kwa nini. Nilimwona mjomba akitafuta jibu. Nilimwona akilipata, na nikaona si lile.

"Kitabu ndivyo kinavyotaka," alisema. "Maji ya Kisimani yakishaingia lazima yatoke, yatoke na huyo mgeni."

Wakamwamini mara moja, kwa sababu ni mwalimu. Walimkalisha, wakamtapisha kwa unyoya kooni, wakammiminia maziwa, wakamtapisha tena. Mimi nilimshika kichwa. Katikati ya mambo hayo alinifumbulia macho, na nikajua ananijua. Alitaka kusema kitu. Nilisogeza sikio, lakini koo lilikuwa limeungua na sauti haikutoka, pumzi tu, yenye harufu ya maziwa na uchachu. Nilimwambia, "Nimewaambia, Bibi." Sijui kama lilimfaa neno hilo.

Alifariki kabla ya adhuhuri kupita.

Watu walisema amekufa vizuri. Walisema homa ilikwisha kumla, lakini angalau alikwenda akiwa safi, jini ametolewa mbele ya macho ya watu. Binti alilisema hilo kwa kila mwanamke aliyekuja kulia, na kila alipolisema alinyooka kidogo. Mjomba alimswalia, akashuka kaburini kumpokea, akatoka na uso nisioujua. Jioni nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba peke yake.

"Utawaambia lini?" nilimuuliza.

"Niwaambie nini? Kwamba aliyeshika taya ni binti yake?"

"Hilo wanalijua."

"Nyamaza," alisema, lakini hakunyanyua mkono. Baadaye akasema, "Ningesema jana mlangoni. Neno moja tu." Nami nilikuwa nimesimama mlango uleule.

Siku iliyofuata shangazi alifika, amepakiwa juu ya punda na miguu yake imefungwa majani ya mbono. Alilia na wenzake kama ilivyo ada, halafu akanivuta pembeni, na nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja: kitabu kiko wapi. Nilimwambia kiko chumbani, kwa binti, na kwamba watu wamekwisha kusikia habari za maji yake.

Tulimkuta binti ameketi juu ya mkeka, kitabu kando yake kimefungwa katika leso ileile ya shangazi. Ule ukurasa mweupe ulikuwa umerudishwa ndani.

"Mwanangu," shangazi alisema, "nimekuja kukupa pole, na nimekuja kuchukua kitabu."

"Mama, chukua kitu chochote, hicho niachie. Alikuomba miaka yote. Hukumpa alipokuwa mzima, mpe sasa."

Shangazi alimeza hilo. "Nitakupa minazi. Ile ya Kiegeani karibu na njia. Uitie jina lako."

"Nifanyie nini minazi? Hiki kimemtakasa mama yangu."

Tulikaa. Nje wanaume walikuwa wakisoma, sauti zao zinapanda na kushuka. Mlangoni akapiga hodi mwanamke mmoja kijana. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto, kichwa chake kimelegea begani kwa homa, na mkononi alishika bakuli jeupe, safi, limefunikwa kitambaa.

"Nisameheni kuingia msibani," alisema. "Nimesikia mna maji ya Kisimani. Hata kidogo."

Binti alifungua leso, akakichukua kitabu, akaanza kufunua kutafuta ukurasa.

"Acha," shangazi alisema. "Kina sumu."

Mkono wa binti ulisimama.

"Tulikitia sisi, wanne tuliokuwa tukisoma pamoja. Kwa ajili ya wadudu. Mama yako alipaka kwa mkono wake, ukumbini kwangu. Hapakuwa na jini, mwanangu."

Binti alikaa vilevile, kitabu kimefunguka mapajani. Wanaume nje walimaliza sura wakaanza nyingine.

"Alipokuwa akisema sumu," aliuliza, "alikuwa anasema na mimi?"

"Alikuwa anasema na wewe."

"Na mwalimu alijua."

"Alijua."

Akanigeukia. "Na huyu aliniambia. Jikoni. Nikamwambia akapumzike."

Yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa bado amesimama mlangoni, hajaelewa, bakuli mkononi. Binti aliinuka, akamwendea, akamfunika mtoto vizuri na ncha ya kanga.

"Hakuna maji," alimwambia. "Nenda nyumbani. Mkande kwa kitambaa cha maji ya mtungi."

"Lakini jana si mlim—"

"Nenda, dada. Nakuomba."

Alirudi, akakipiga kitabu mafundo ndani ya leso, akampa shangazi. Kisha akaenda chini ya kitanda cha mama yake, akavuta sanduku, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele yetu. "Na vyake pia, vyote, viondoke humu leo. Na ninyi msilale hapa."

Hivyo tukarudi Kiegeani na vitabu vyote vya Bibi wa Kanga, ambavyo kila mmoja wetu alikuwa amevitamani kwa siri na kwa dhahiri. Punda alielemewa. Mjomba alitembea nyuma kabisa. Watu wa Kanga hawakutuitikia salamu mpaka tulipotoka kwenye mashamba yao, kwa sababu habari ilikwisha kututangulia mlango kwa mlango.

Sasa Alhamisi ni siku kama nyingine. Wazazi wengine wamewatoa watoto wao chuoni. Nimebaki mimi na wachache ambao baba zao hawana pa kuwapeleka. Mjomba hanichapi tena, na ninafanya makosa makusudi ili nione.

Juzi alikuja kwa shangazi, wala si kwa ajili ya kunusa wala kugombana. Alitaka aoneshwe ule ukurasa. Shangazi alikwisha kuushona mahali pake. Mjomba aliuinamisha kwenye mwanga. Wino umekwenda, lakini kalamu ilikuwa imekwaruza karatasi, na ukitazama kwa ubavu unaona mikwaruzo, bila kuisoma. Alisema anaweza kuuandika upya kwa hati ileile kama angepata maneno, maana hakuna nakala nyingine kisiwani, na aliyekuwa ameyahifadhi hayupo.

"Wewe ndiye uliyeyasoma mwisho," aliniambia. "Na ulisahihishwa neno kwa neno. Huyakumbuki?"

Shangazi alinitazama. Ukurasa ule ukijaa tena, kuna siku mtu atakuja na bakuli.

Nayakumbuka yote, hata pale mwandishi alipodondosha wino. Nilimwambia mjomba siyakumbuki.